Heda za Subaru: seramiki au kitambaa?
Kaka, umeuliza kama heda mpya (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) za chuma cha kawaida za Subaru yako uzipake seramiki, mpako wa kuzuia joto, au uzifunge kitambaa cha joto. Paka, tena kabla hazijafungwa kwenye gari. Heda za Subaru ziko chini kabisa ya injini, kila dimbwi la Kampala linazirushia maji. Kitambaa kinayanyonya na kukaa nayo; siku ukikifungua unakuta kutu inabanduka magamba magamba.

Nguvu za injini usizitarajie sana, ongezeko ni dogo mno. Faida ya mpako ni kuzuia joto: ukikanyaga mlimani moshi unaweza kupita nyuzi 800, na joto hilo linapanda moja kwa moja kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mipira ya karibu.

Fundi azisafishe kwanza kwa kuzipiga mchanga wa mashine ya upepo, kutu na mafuta yaishe kabisa, apake ndani na nje. Rangi ya kopo ya kupuliza haidumu kama mpako huo. Na kama injini imetiwa ringi mpya za pistoni, iendeshe kwanza na heda za zamani hadi izoee, maana joto la siku za mwanzo huunguza mpako mpya. Zingekuwa za stenlesi, kutu isingekusumbua sana, ungebaki na suala la joto tu.