Chana huo mkataba kabla hajausaini

Mkuu, umeuliza kuhusu mkataba wa kumpunguzia gemu mteja wako wa ushauri nasaha: usiuprinti. Mteja ana miaka 19, analala alfajiri kwa ajili ya gemu, nawe kikao kijacho unamwekea karatasi ya "saa moja kwa siku" asaini? Umeuliza pia kama ucheze naye ofisini, nitafika huko. Kwanza mkataba, maana mimi niliuandika na najua ulikonifikisha.

Aliyenipotosha ni msimamizi wangu wa wakati ule, mtu mwenye vyeti ukuta mzima. Kauli yake: gemu ni kukwepa maisha, na mshauri akianza kupiga stori za gemu na mteja, naye anakwepa kazi. Hajawahi kushika kontrola, ila kwa alivyojiamini ungedhani ndiye aliyeivumbua. Nikaitikia tu. Ningebisha na nini? Gemu yangu ya mwisho ilikuwa ile ya nyoka kwenye Nokia, na nyoka mwenyewe alikuwa akijing'ata kila mara.

Basi, nikibadilisha mambo kadhaa asitambulike: kijana wangu, mteja niliyekuwa namshauri, alikuwa anacheza World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya watu wengi kwa pamoja. Saa zake nilizijua zote, nilikuwa na jedwali kabisa. Anachofanya humo ndani sikukijua. Tukaandikiana kwamba saa tatu usiku kompyuta inazimwa. Akatii. Jedwali likapendeza, msimamizi akanipongeza, na kijana akawa anajibu "sawa" kwa kila ninachosema. Halafu akaacha kuja.

Aliporudi, miezi baadaye na hali mbaya kuliko mwanzo, ndipo nikauliza swali la chekechea: humo ndani wewe ni nani? Mkuu, aliongea nusu saa, na mikono inaongea pia. Kazi yake ilikuwa kuponya wenzake. Kwenye ngazi ngumu kabisa ya ile gemu mnamkabili bosi, yaani adui mkubwa, mkiwa watu 20, na mponyaji akilala, waliobaki wanakufa. Wenzake walikuwa wanakutana saa tatu na nusu. Piga hesabu mwenyewe. Alikosa usiku mmoja, wa pili, wakamweka mwingine. Akaniambia: kule ndiko pekee walikokuwa wananiuliza nikichelewa.

Na kwenye faili lake nilikuwa nimeandika nini kama tatizo kuu? Upweke. Cheka tu, mimi nimeshazoea.

Usiniletee hoja ya uraibu, nao upo. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Lakini soma vigezo: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, kuendelea hata madhara yakionekana, maisha kuharibika kweli, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12. Idadi ya saa haimo. Ile "zaidi ya saa tatu kwa siku ni mgonjwa" ya msimamizi wangu sijui aliitoa wapi, labda kwenye vile vyeti.

Kwa hiyo usiulize saa kabla hujajua mechi yake ya mwisho ilikwendaje. Acha asimulie. Anacheza na nani? Nani anamsubiri? Akishindwa anarudia, anazima, au anawatukana wenzake? Wa kwenye Fortnite, gemu ya mapambano ya mtandaoni, hawezi kusimamisha mechi katikati, kwa hiyo akiitwa "njoo sasa hivi" akabisha, huenda si kiburi, kuna wenzake atawaacha pungufu. Anayejenga peke yake kwenye Minecraft usiku kucha ana habari nyingine kabisa, na saa zao zinaweza kulingana dakika kwa dakika!

Kucheza naye ofisini? Hata usipocheza, msikilize kwanza hiyo mechi. Ukikuta madhara yapo kweli, mtapanga pamoja cha kupunguza, na yeye ndiye atakayekutajia usiku upi hauguswi.