Baba anaanguka na anasahau: je, ni uzee tu?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuanguka kwa mzee wako mara mbili tangu Ramadhani kuna uhusiano na kusahau kwake majina ya wajukuu, maana majirani wanakwambia kuwa yote hayo ni uzee. Nimemuuguza mamangu katika hali kama hiyo hapa Lamu, na jibu langu ni kwamba uhusiano upo: mzee mwenye maradhi ya kusahau huanguka takriban mara mbili zaidi ya mwenzake mwenye akili timamu.

Kutembea si kazi ya miguu peke yake, kwani ubongo ndio unaopima kina cha kidato na kuamua mguu ukanyage wapi punda anapotokea ghafla kichochoroni. Mamangu alipokuwa akiteremka ngazi na mjukuu akamuuliza jambo, alisimama kabisa, kiganja ukutani, akajibu mpaka mwisho, ndipo akashusha mguu. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi walieleza jambo hilo hilo katika jarida la Lancet: kati ya wazee 58, waliosimama waliposemeshwa njiani walikuwa 12, na 10 kati yao walianguka katika miezi 6 iliyofuata. Mtazame mzee wako kwa jicho hilo. Hakuna mashine inayohitajika.

Hata hivyo, kabla ya kuulaumu ubongo, peleka kwa daktari mfuko mzima wa dawa zake, pamoja na zile alizojinunulia dukani. Diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya maumivu na hata Piriton ya mafua huweza kumpumbaza mzee na kumyumbisha kwa pamoja. Halafu apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 3. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, sababu mojawapo mmeipata. Mamangu alikuwa akipepesuka kila alipoinuka kutoka sijda, na daktari alipompunguzia vidonge vya presha hali ilitulia, ingawa mpaka leo anasali kitini. Dawa hizo msizikatize wenyewe.

Ngazi za nyumba zetu za mawe ni wima na zina giza, kwa hiyo tulizipaka chokaa ncha za vidato, tukafunga mkono wa mbao wa kushikilia na kuacha taa ya chooni ikiwaka usiku kucha. Mkimhamishia chini, pangeni kitanda na sanduku lake vile vile vilivyokuwa juu, kwa kuwa chumba kigeni humchanganya zaidi mtu anayesahau. Kumfungia ndani sikubaliani nako hata kidogo, maana miguu isiyotumika hulegea. Aende msikitini kama kawaida, na anayemsindikiza anyamaze mpaka wafike.

Lililo la haraka ni kichwa. Akiwa alikigonga, hata kidogo, na wiki kadhaa baadaye akaanza kusinzia mchana, kulalamika kichwa au kuchanganyikiwa kwa kasi isiyo ya kawaida, huenda damu inajikusanya polepole juu ya ubongo, na hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hali hiyo hupasuliwa na wengi hupata nafuu, ila huonekana kwa picha ya CT, yaani ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, na kwetu kisiwani safari ya mbali kwa barabara huanza kwa kuvuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara. Ukiona dalili hizo asubuhi, usingoje jioni.