Yaya wa kulala ndani: nimlipe ngapi?

SWALI

Shangazi, hujambo? Naandika nikiwa kwenye matatu na simu inakaribia kuzima, kwa hivyo nisamehe nikiruka jambo. Tunaishi Donholm, Nairobi, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kodi 22,000. Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki moja Upper Hill, mume wangu anauza vipuri Kirinyaga Road. Mwezi ukiwa mzuri tunapata kama 85,000 sote wawili. Mtoto wa kwanza ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Wa pili ana miezi 14. Mama yangu ndiye alikuwa anatushikia mtoto, sasa amerudi Webuye kupanda mahindi na hajasema lini atakuja tena.

Nimepata msichana wa miaka 22, mtulivu, na mtoto amemkubali siku ya kwanza. Anataka 15,000. Jirani wa ghorofa ya tatu analipa 7,000 na ameniambia wazi kwamba nikikubali hiyo 15 nitawaharibia soko. Biro ya mtaani, ile ya kutafutia watu mayaya, ilinitajia 10,000. Mume wangu anasema 8,000 inatosha sana, kwa kuwa atalala kwetu, atakula kwetu, sabuni yetu, intaneti yetu. Mpango wake ni aamke saa kumi na moja alfajiri atengeneze chai, na alale tukishalala, kama saa nne usiku. Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa sasa namlipa mama fua 700 kila Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi saa saba, na gari la shule ni 4,500 kwa mwezi ingawa shule ni mwendo wa dakika kumi. Akija huyu dada wa kazi, vyote viwili tutaacha.

Kilichonishinda ni hiki: binamu ya mume wangu yuko Hannover kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia na kuwasaidia kulea watoto, na anasema hata Wajerumani hawatoi mshahara, wanatoa pesa ya mfukoni, euro 280 basi. Mume wangu akisema hivyo mimi sina la kujibu. Nimlipe ngapi, nisimwonee mtu wala nisionekane mjinga?

Mama wa Wawili, Donholm

JIBU

Mama wa Wawili, mwanangu, sijambo. Kabla ya hesabu nikuambie nilikotoka, ili ujue mapema ninaegemea upande gani.

Januari 1992 nilishuka kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi nikiwa na sanduku la bati na miaka 19, nikapelekwa Buruburu kulea mtoto. Mshahara ulikuwa 500. Kitanda changu kilikuwa godoro nyuma ya kochi, nalitandika baada ya wenye nyumba kuzima televisheni, nalikunja kabla hawajaamka. Mwajiri wangu hakuwa mkatili. Alikuwa na daftari. Lilining'inia jikoni kwa uzi, karibu na chumvi, na ndani yake aliandika kwa mkono mzuri wa ualimu: glasi moja, 25. Sabuni kipande, 12. Mkate nusu (siku ya Jumatano nilipokuwa na njaa). Mwezi wa Mei chupa ya chai iliniponyoka. Ile ya maua mekundu. Nakumbuka mlio wake ulivyokuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, kisha vioo vyembamba kama magamba ya samaki vikaelea kwenye chai sakafuni. Daftari likasema 350. Mwezi ule nilipokea shilingi 113.

Wiki iliyofuata nilimwachia jirani mtoto, nikamwambia naenda kununua maziwa, nikanyoosha mpaka kituoni. Sijivunii. Mtoto yule alikuwa na homa kidogo. Lakini kila mtu akiniambia wasichana wa kazi hutoroka bila sababu, mimi huliona lile daftari na uzi wake.

Sasa tuje kwa baba watoto. Hoja ya chakula tuimalize haraka: ugali huo ameusonga mwenyewe, akamlisha mwanao kwanza, akala uliobaki ukiwa umepoa. Hoja ya kulala ndiyo ina uzito, na sheria imeipima tayari. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini kwa yaya au mtumishi wa nyumba katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijumuishi nyumba. Ukiajiri mtu anayekwenda kulala kwake, unamwongezea asilimia 15 ya nyumba, yaani 2,417. Ukimlaza kwako, hizo 2,417 hudaiwi. Basi. Hiyo ndiyo thamani ya kitanda, na umeshaifaidi kwa kutoilipa. Kushuka kutoka 16,113 mpaka 8,000 ni kumtoza msichana kodi ya 8,000 kwa kona ya chumba cha watoto. Nyumba nzima nyinyi mnailipia 22,000! Mwambie hivyo akiwa ameshiba.

Na huyo binamu wa Hannover, hamjamwuliza maswali ya kutosha. Au pair Ujerumani hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa nyumba. Ni kijana aliyekwenda kujifunza lugha, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hatakiwi kusaidia zaidi ya saa 30 kwa wiki. Familia inamlipia bima, inachangia ada ya kozi ya Kijerumani, na ana chumba chake chenye mlango. Kwa hiyo ukitaka kumwiga Mjerumani kwenye pesa ya mfukoni, mwige na kwenye zile saa 30. Hebu tuone mpango wa baba watoto una saa ngapi.

Saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17. Toa nne za kula, kuoga na kuvuta pumzi, zinabaki 13. Kwa siku sita ni 78 kwa wiki. Za Hannover 30, za Donholm 78, halafu mnalinganisha pesa? Kwa mwezi wa siku 26 hizo ni saa 338, na ukizigawia 8,000 unapata shilingi 23 na senti kwa saa. Mama fua wako unampa 700 kwa saa tano, yaani 140 kwa saa, wala Jumamosi humbembelezi aje.

Kanuni zetu zinasema wiki ya kazi ni saa 52 ndani ya siku sita. Zikizidi, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Nilipoisoma ratiba yako nilifurahi, maana inawezekana bila kuvunja sheria. Aanze unapotoka, amalize unaporudi: saa 12. Mchana mtoto akilala na PP2 akiwa hajarudi, saa mbili ziwe zake kweli, mlango ufungwe, asifue. Zinabaki kumi. Mara siku tano ni 50. Jumamosi akusaidie saa mbili asubuhi, umefika 52. Jumapili ni yake. Maana yake chai ya alfajiri ajipikie anayekwenda Kirinyaga Road, na jioni mmoja wenu akiwa nyumbani mtoto ni wenu. Najua hapa ndipo vita vitakapokuwa. Wanaume wengi wa kizazi cha mume wako wako tayari kuongeza elfu tatu kuliko kukuna nazi.

Mshahara sasa. Nataka uangalie jambo moja ambalo biro haikukuambia. Huyo msichana amekuomba chini ya kima cha chini, lakini kichwani mwake 15,000 ni pesa ya mkononi, ile inayolia kwenye M-Pesa. Mshahara una makato: NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwenye 16,113.75 atakatwa kama 1,652, apokee 14,462. Ukimshtua na hilo mwisho wa mwezi wa kwanza, ataona umemwibia, na atamweleza kila yaya wa ploti. Kodi ya mapato haimgusi, kwa sababu hajafika 24,000.

Ushauri wangu: andika mshahara wa 16,715. Ukishakata, anabaki na 15,000 aliyoomba, kamili. Wewe unaongeza NSSF yako ya asilimia 6 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, jumla yako inafika 17,969. NSSF na SHA zifike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Usishike kichwa bado. Mlikuwa tayari kutoa 8,000. Mama fua akiacha, umeokoa 2,800. Gari la shule 4,500, na dakika kumi za mguu hazijamuua mtoto wa PP2. Jumla 15,300. Pengo ni 2,669. Sitakuuliza baba watoto anakula nyama choma wapi Jumamosi, lakini nadhani wewe unapajua. Na ikiwa pengo hilo kweli halizibiki, basi nyinyi hamna uwezo wa yaya wa kulala kwa sasa, na hakuna aibu. Tafuteni mlezi wa mtaani anayepokea watoto mchana, mwone usafi wake, mkae na mama fua wenu mpaka mambo yanyooke. Nisilokubali ni mtu mzima mzima kwa nusu ya bei.

Jirani wa ghorofa ya tatu mwache na soko lake. Mwulize tu amebadilisha mayaya wangapi tangu mwaka uanze, na kila mara alikosa kazini siku ngapi.

Mengine ni mafupi. Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja kwa kalamu, muusaini wote wawili: mshahara, saa, siku ya mapumziko, siku 21 za likizo ya mwaka yenye malipo, na notisi ya siku 28 kwa upande wowote. Nauli ya Krismasi kubalianeni sasa, si Desemba 20 mkiwa mmenuniana. Advansi ukitoa, tuma ujumbe mfupi wa kiasi ili msibishane. Na kikombe kikivunjika bahati mbaya, kimevunjika. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara ya makusudi, na hata hapo kwa kiasi cha haki. Mtoto wa miezi 14 mkononi, sufuria jikoni, kengele mlangoni: hapo vitu vitavunjika. Nunua vya plastiki.

Lingine, sijui kama ulilisahau kwa ajili ya betri. Hukuniambia msichana atalala wapi. Kama ni chumba cha watoto, mpe kitanda, si godoro la kukunja, na kasha lenye kufuli la vitu vyake. Usiku mtoto akilia nenda wewe. Umeshanunua saa zake za mchana.

SWALI LA PILI

Shangazi, mimi ndiye dada wa nyumbani. Niko South B mwaka wa pili, 9,000. Tangu Machi mama mwenye nyumba ananiambia ananiwekea mshahara, nitachukua zote nikienda nyumbani. Nikiuliza anasema simwamini.

Wa South B

JIBU

Mdogo wangu, mshahara wa mwezi unalipwa mwezi ukiisha. Anayetaka kukuwekea akuwekee chako baada ya kukupa mkononi. Leo usiku, ukiwa peke yako, andika miezi yote ambayo hukulipwa na tarehe ulizouliza. Ujumbe wowote wa M-Pesa aliowahi kukutumia usiufute, huo ndio ushahidi kwamba ulikuwa unalipwa kiasi gani. Muombe mara moja zaidi, kwa ujumbe wa simu, kwa heshima. Asipojibu nenda ofisi ya kazi ya serikali, au chama cha wafanyakazi wa majumbani, KUDHEIHA. Dai la mshahara lina miaka mitatu kabla halijafa, kwa hiyo muda unao. Na hiyo 9,000 yenyewe, soma jibu la Mama wa Wawili hapo juu, kisha uende na hesabu hiyo pia.