Jeti ya kilo ngapi? Kwa wageni wa dawati la uhakiki

Wadogo zangu mlioingia muhula huu, poleni na vumbi la Dodoma, karibuni dawatini. Juzi nimeletewa skripti ya sekunde tisini yenye kichwa "Jeti ndogo kuliko zote duniani yathibitishwa". Chini yake, sehemu ya vyanzo, kumeandikwa video ya TikTok, halafu neno "mitandao". Mitandao gani? Ya simu? Ya kuvulia samaki Mtera?

Ubishi wenyewe mnaujua. Kijiwe cha bodaboda pale Nkuhungu wametutumia voisnoti. Jamaa wawili wamewekeana dau la chipsi kuku. Mmoja anashikilia kwamba jeti nyepesi kuliko zote ni BD-5J ya Marekani. Mwenzake kaona Cri-Cri ya Ufaransa yenye injini mbili za jeti, anasema Mmarekani haoni ndani. Wanasubiri redio iamue.

Skripti nimeirudisha. Sina hasira sana, maana makosa yaliyomo nayafahamu moja moja, na mengine niliyaasisi mimi kwenye dawati hili hili. Someni hapa, kisha tuandike upya.

1. Kabla ya kuuliza kama ni kweli, ulizeni ni rekodi ipi. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wana jeti ndogo na wana jeti nyepesi, na hizo ni ndege mbili tofauti. Iliyoandikwa kuwa ndogo ni Silver Bullet, BD-5J ya Bob Bishop: urefu mita 3.7, mabawa mita 5.2, uzito kilo 198, kasi kilomita 483 kwa saa. Iliyoandikwa kuwa nyepesi ni BD-5J nyingine, ya mmiliki mwingine, kilo 162.7, mwaka 2004. Skripti yenu imechukua urefu wa ya kwanza na uzito wa ya pili, mkatengeneza ndege ambayo haijawahi kuwepo.

Na aliyeandika "FAI imethibitisha" anyooshe mkono. FAI ni shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, lipo tangu 1905, makao yake Lausanne. Rekodi zao za ndege ni za kasi, kimo, umbali na mengine ya namna hiyo, na ndege hupangwa kwa madaraja ya uzito wa kuruka. Daraja la chini kabisa ni chini ya kilo 300, halafu wanatenganisha injini za pistoni, za jeti na nyinginezo. Hawatoi cheti cha "ndogo kuliko zote". Ukiona FAI imetajwa kwenye dai la namna hiyo, ujue mwandishi alitaka jina kubwa la kuegemea.

2. Pauni si kilo. Najua mnajua. Hata mimi nilijua.

Nilikuwa mgeni kama nyie, na nilikuwa na ule ugonjwa wa kudhani kila swali la msikilizaji ni dogo kuliko elimu yangu. Likaja swali hili hili: jeti nyepesi kuliko zote ina uzito gani? Nikafungua ukurasa, nikafungua mwingine, na mwingine. Kote 358.8. Nikajipongeza kwamba vyanzo vyote vinakubaliana. Sikuona kuwa sentensi ilikuwa ile ile, hadi mkato ulikaa mahali pale pale, yaani mtu mmoja kaandika na wengine wote wamebeba. Na mbele ya namba palikuwa na herufi mbili, "lb", yaani pauni, ambazo macho yangu yaliziruka kwa sababu yalishaamua. Nikaingia hewani saa moja na nusu asubuhi, wakati nusu ya mji iko kwenye daladala, nikatamka kwa sauti nzito ya mtangazaji: kilo mia tatu hamsini na nane, nukta nane.

Kipindi hakijaisha, simu ikaingia. Mzee mmoja wa Makole, fundi wa ndege mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole ambao peke yake ulitosha kunijulisha kwamba nimekwisha. Akauliza, "Mwanangu, hiyo jeti mliipima pamoja na ng'ombe?" Fundi mitambo wetu akacheka, na kicheko kikaenda hewani.

Hapo ningesema asante mzee, ngoja tuangalie, nikanyamaza hadi niangalie kweli. Badala yake kesho yake nilirudi kusahihisha, mbio mbio kama mtu anayefukia aibu. Nikafungua Guinness, nikakuta kilo 198, nikasoma. Ukurasa ule ulikuwa wa jeti ndogo, swali lilikuwa la jeti nyepesi. Mzee akapiga tena. Safari hii hakutania, akasema tu, "Umeniletea ndege ya mtu mwingine." Siku iliyofuata nikatangaza 162.7, ambayo ni ile ile 358.8 ya mwanzo baada ya kugeuzwa kutoka pauni. Redio moja, ndege moja, uzito wa aina tatu. Kijiwe cha Sabasaba wakatuma ujumbe kuuliza kama hiyo ndege imefunga Ramadhani.

Mhariri hakucheka. Alinipa daftari la masahihisho na kalamu, nikaandika kwa mkono wangu sahihisho, kisha sahihisho la sahihisho, yeye amesimama nyuma ya kiti changu. Daftari bado lipo kabatini, mnaweza kulisoma, mwandiko wangu unatetemeka. Lakini kilichoniuma zaidi ni ujumbe wa yule aliyeuliza mwanzoni. Alikuwa anamsaidia mwanawe kazi ya shule. Aliandika: "Basi kaka, mtoto ameshakabidhi na ile ya kwanza." Mwalimu sijui alimwekea alama gani. Sikuthubutu kuuliza.

Dokezo la haraka kabla sijasahau: namba isiyo ya mviringo mara nyingi ni namba ya mviringo iliyogeuzwa. Kilomita 483 kwa saa ni maili 300.

3. Mjue ndege inapimwaje. Yule mzee, Mungu amjalie, baada ya kunichoka kwenye simu alinichukua hadi hangarini nikaone Cessna ikipimwa. Nilidhani wanaisukuma juu ya mizani, wanasoma, wanaenda kunywa chai. Kwanza walikamua mafuta, yakabaki yale tu ambayo hayawezi kutoka. Wakafunga milango ya hangari, maana upepo wa Dodoma mnaujua, na bawa likipata upepo kidogo linataka kunyanyuka, mizani inadanganya. Wakaweka mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, wakasawazisha ndege kwa pimamaji mpaka ikalala sawa. Kisha fundi akaingia ndani na orodha ya vifaa, akawa anahakiki kimoja kimoja: redio ipo, betri ipo, kizima moto kipo. Chini ya kiti cha nyuma akatoa bisibisi, kitambaa chenye grisi, na chupa ya maji iliyonywewa nusu. Akaviweka sakafuni bila kusema neno, akaendelea na orodha.

Kwenye Cessna, vitu hivyo vitatu havibadilishi jambo. Sasa rudini kwenye 162.7. Ile saba baada ya nukta ni gramu mia saba. Chupa ya maji ya lita moja inaimeza na chenji inabaki. Ndiyo maana dai la rekodi ya uzito bila karatasi ya kipimo ni hadithi: nani alipima, lini, mafuta yalitolewa au hayakutolewa, betri ilikuwemo, mizani ilikaguliwa lini. Mama anayeuza vitunguu soko la Majengo anadaiwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Sisi tunapokea rekodi ya dunia kutoka kwa mtu mwenye simu.

4. Rekodi ya uzito ni ya ndege moja, siyo ya aina nzima. Hili mnalikosea kila mwaka. BD-5 ilibuniwa na Jim Bede, ikaanza kuruka 1971, ikauzwa kwa vipande ili mnunuzi ajiunganishie nyumbani. Watu kwa maelfu waliagiza, injini zikachelewa, kampuni ikafilisika, na wengi wakabaki na ndege isiyo na injini gereji. Waliobaki nayo kila mmoja akamaliza kivyake. Huyu kapaka rangi tabaka mbili, yule kaweka kiti kizito, mwingine katia injini aliyoipata. Kwa hiyo sentensi "BD-5J ina kilo 162.7" ni kosa. Sema BD-5J fulani ilipimwa ikawa na kilo 162.7. Tafuteni namba ya usajili ubavuni au mkiani: za Marekani zinaanza na N, za Ufaransa na F, zetu na 5H. Bila namba ya usajili hamjui mnaongelea ndege ipi.

Kwa faida ya kijiwe tu: toleo lile la J, yaani BD-5 ya jeti, lilianza na injini ya TRS 18 ya Microturbo, kampuni ya Ufaransa. Yule anayeisifia Marekani msimwambie mapema, mtaharibu kipindi.

5. Uzito mtupu na uzito wa kuruka msivichanganye. Cri-Cri ya Michel Colomban, ya 1973, ilizaliwa na vijiinjini viwili vya pistoni. Ikiwa tupu ina kilo 78 hivi, na ikiwa na rubani na mafuta inaruhusiwa kuruka na kilo 170, yaani inabeba mzigo unaoizidi yenyewe. Baadaye kuna wamiliki waliong'oa pistoni wakafunga jeti mbili ndogo, za aina inayotumika kwenye ndege za mfano. Mmoja wenu kachukua 170 ya Cri-Cri akailinganisha na 162.7 ya BD-5J, akaandika kwamba Mmarekani kashinda. Umempima mmoja kavua viatu, mwingine kabeba mtu mgongoni! Weka tupu kwa tupu uone. Cri-Cri ya jeti ni nyepesi kuliko BD-5J, tena kwa mbali.

Mbona basi yule wa kijiweni anayeshikilia BD-5J hajashindwa? Kwa sababu rekodi inahitaji mtu aiombe, apime mbele ya mashahidi, na anayetunza kitabu akubali kwamba ndege hiyo inaingia kwenye kundi. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Wapo wanaosema ndege ya pistoni iliyobadilishwa injini haistahili kusimama na iliyotolewa kama jeti. Mimi naona hoja hiyo dhaifu, kwani BD-5 nayo ilianza na pistoni. Lakini maoni yangu hayaingii kwenye skripti, na yenu pia.

Mkilegeza kanuni, jueni mlango unafunguka mpaka wapi. Yves Rossy wa Uswisi alivuka bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza, tarehe 26 Septemba 2008 akiwa na bawa mgongoni lenye jeti nne. Aliruka kutoka kwenye ndege nyingine, akatua kwa parachuti. Hiyo ni ndege? Ukisema ndiyo, BD-5J na Cri-Cri zote kwaheri. Ukisema hapana, taja kanuni inayokataa.

Msidhani haya ni ya vijindege tu. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1961 alitoka kwenye chombo chake akiwa bado angani, akashuka kwa parachuti yake, wakati kanuni ya rekodi ilitaka rubani atue na chombo. Wasovieti walificha jambo hilo kwa miaka. Rekodi ikabaki, na hakuna mwenye akili anayekana kwamba alikwenda. Mabishano yalikuwa juu ya kanuni, siyo juu ya safari.

6. Video. Tafuteni kichwa cha rubani. Nyingi ya hizi "jeti ndogo ajabu" ni ndege za mfano zinazoongozwa na mtu aliyesimama pembeni na rimoti, na kamera imewekwa chini ili zionekane kubwa. Ile ya kwenye skripti yenu ni hivyo. Sekunde ya kumi na moja kiatu kinapita nyuma ya mkia, na kiatu ni kirefu kuliko bawa la mkia. Mliitazama bila sauti, au mliitazama kweli?

7. Maneno. "Imethibitishwa" ni neno la kukodi, semeni nani kathibitisha. Skripti mpya iseme hivi au kwa karibu na hivi: Guinness waliandika BD-5J moja ya Marekani kuwa jeti nyepesi, kilo 162.7, mwaka 2004. Cri-Cri zilizofungwa jeti ni nyepesi kuliko hiyo. Aliyebishania rekodi ana hoja yake, aliyebishania uzito ana yake, na dau waligawane. Namba zitamkwe polepole, na kila moja itajwe kipimo chake.

Kabla ya mkutano wa asubuhi nataka vyanzo vimeandikwa pembeni ya kila mstari, siyo mwishoni kwa mkupuo. Atakayempigia mzee wa Makole apige baada ya saa kumi, akishaswali alasiri, na aanze na shikamoo, asianze na "samahani mzee nina swali la haraka". Hana maswali ya haraka yule. Vocha iko kwa mhasibu, msaini kitabu.