Mashindano ya Bournemouth yalianzia wapi, yakaishia wapi?

Swali: Shikamoo kocha. Nimesoma kwamba mashindano ya kwanza ya tenisi kuwakutanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa yalifanyika Bournemouth, Uingereza, mwaka 1968, tena kwenye udongo. Kwa nini hayakuwa Wimbledon? Na mbona siku hizi siyaoni kwenye ratiba ya wanaume?

Jibu: Marahaba. Maswali yako yote mawili yanajibiwa na kitu kimoja: kalenda.

Mashindano hayo, British Hard Court Championships, yalianza Torquay mwaka 1924, yakahamia klabu ya West Hants, Bournemouth, mwaka 1927. Jina lisikuchanganye. Kwa Waingereza wa enzi hizo, "hard court" ulikuwa uwanja usio wa nyasi, hata ukiwa wa udongo mwekundu. Fred Perry alitwaa taji hilo mara tano mfululizo, 1932 hadi 1936.

Desemba 1967 chama cha tenisi cha Uingereza kilipiga kura kufuta mpaka kati ya ridhaa na kulipwa. Machi 30, 1968, shirikisho la kimataifa likakutana Paris na kuruhusu mashindano ya wazi, yaani ya ridhaa na kulipwa pamoja, machache tu kwa kuanzia. Wimbledon ilikuwa bado miezi kadhaa mbele. Bournemouth ilikuwa Aprili. Ndivyo zamu ilivyowaangukia. Udongo haukuwa na sauti katika hilo.

Wanaosema miamba wote walikuwepo wanatia chumvi. Walikuja wa National Tennis League, moja ya makundi ya wachezaji wa kulipwa: Laver, Rosewall, Emerson, Pancho Gonzales. Kundi jingine la kulipwa, WCT, lenye Newcombe na Roche, halikufika. Hata hivyo Mark Cox, Mwingereza wa ridhaa mwenye miaka 24, alimtoa Gonzales kwa seti tano baada ya kupoteza ya kwanza 0-6. Akamfunga na Emerson, seti tatu tupu, kabla ya Laver kumzima nusu fainali. Kwa jicho la kocha, hapo ndipo udongo ulipofanya kazi yake: unapunguza kasi ya mpira na kuupandisha juu, kwa hiyo mpira wa kuanzisha wa Gonzales ulipoteza makali, na miguu ya miaka 39 ikalazimika kukimbia zaidi kwa kila pointi. Fainali, Rosewall alimshinda Laver 3-6, 6-2, 6-0, 6-3 na kupata pauni 1,000. Virginia Wade alishinda upande wa wanawake, ila kwa kuwa alikuwa bado wa ridhaa, hakuchukua pauni zake 300.

Mwaka 1970 Bournemouth ilifungua msururu mpya wa mashindano ya tenisi ulioitwa Grand Prix, na Cox akawa bingwa. Baada ya Gerald Battrick, 1971, hakuna Mwingereza aliyeshinda tena kwa wanaume. Taji likawa la akina Panatta, Nastase, Orantes na Higueras. Tatizo ni kwamba majira hayohayo ndiyo ya mashindano ya udongo ya Monte Carlo na Roma. Nani aache jua la Monte Carlo aje kuloweshwa na mvua ya Bournemouth? Mwaka 1983 yakafika mwisho.

Yalifufuliwa 1996 kama mashindano ya ATP, ziara ya tenisi ya kulipwa ya wanaume. Albert Costa alishinda, kisha Felix Mantilla mara mbili, na Adrian Voinea mwaka 1999. Lakini safari hii yalipangwa Septemba, baada ya US Open, wakati mchezaji wa udongo hana Roland Garros, mashindano makubwa ya udongo ya Ufaransa, ya kujiandalia hadi mwaka unaofuata. Mwaka 2000 nafasi hiyo ikaenda Brighton, ndani ya ukumbi, bila udongo.