Kubadili Rangi Hakukupi Haki ya Picha ya Mwenzako

Wapo wasanii wanaoamini kwamba ukiigeuza picha ya mtu kwa asilimia 30 inakuwa yako. Hakuna sheria yenye kipimo hicho. Marekani, ambako kesi nyingi za aina hii zimeamuliwa, mahakama hupima mambo manne: umeitumia kwa lengo gani, picha uliyoichukua ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko la mwenye picha.

Lengo ndipo wengi wanapoangukia. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili mchoraji Andy Warhol aitumie picha hiyo kama kielelezo, kwa chapisho moja tu. Warhol akatengeneza kazi 16. Mwaka 2016 taasisi inayosimamia kazi zake ikalipwa dola 10,000 ili moja ya hizo itokee kwenye jalada la jarida, na mpiga picha hakupata kitu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, ilikubaliana na Goldsmith: picha ya Prince kwa ajili ya makala kuhusu Prince inafanya kazi ileile ya picha ya awali. Kilichopimwa ni kule kukodisha kwa jarida, wala si kuitundika ukutani. Kwa hiyo kazi moja inaweza kuwa salama kwenye maonyesho na ikakuponza kwenye fulana.

Msanii Jeff Koons alishindwa kesi mwaka 1992 kwa sanamu aliyoinakili kutoka picha ya watoto wa mbwa. Alidai anaikejeli jamii, lakini hakuwa anaisema picha hiyo yenyewe. Mwaka 2006 alishinda kesi nyingine, kwa kuwa alieleza vizuri kwa nini alihitaji picha ya jarida la mitindo.

Basi kabla ya kuanza, andika aya moja, uiwekee tarehe: kwa nini picha hii na si nyingine? Ukikosa jibu, piga yako, au tafuta iliyokwisha muda wa ulinzi wa hakimiliki; Ulaya kwa kawaida ni miaka 70 baada ya kifo cha msanii.

Ukiomba kibali, kiwe cha maandishi, na kitaje ukubwa, idadi ya nakala, muda, na kama kadi, mabango na majarida yamo. Kumtaja mpiga picha chini ya kazi ni heshima anayostahili, ila si kibali.