Mei Yiqi hakuwa mkuu pekee wa Lianda
Je, Mei Yiqi, mkuu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, aliongoza Lianda peke yake? Hapana, si yeye peke yake. Lianda, chuo cha wakati wa vita kule Kunming, China (1938–1946), kiliunganisha vyuo vikuu vya Peking, Tsinghua na Nankai, na wakuu wote watatu walikaa kwenye kamati ya kudumu iliyokiongoza. Ila Zhang Boling wa Nankai muda mwingi alikuwa Chongqing, naye Jiang Menglin wa Peking alimwachia Mei nafasi, kwa hiyo uendeshaji wa kila siku ulimwangukia Mei. Na haukuwa mwepesi: madarasa yaliezekwa bati, mvua ikinyesha mwalimu hasikiki kabisa. Msichanganye tu kazi hiyo ya Lianda na wadhifa wake wa Tsinghua, alioushika tangu 1931 hadi 1948. Huo ulikuwa wake mwenyewe na aliendelea nao hata vita vikiendelea.